Nilinunua ushauri kabla ya kusaini ubia wa miti: tathmini ya huduma ya mshauri wa kodi jijini Mbeya

Ninaandika tathmini hii kuhusu huduma ambayo wafanyabiashara wengi wa Mbeya tunaiona kuwa ya matajiri, nayo ni kumlipa mshauri wa kodi wa kujitegemea asome mkataba wa uwekezaji kabla hatujausaini. Mimi nina duka la pembejeo Uyole, mume wangu ni mtumishi wa umma, na huduma hii tuliinunua mwezi wa nane mwaka jana baada ya kualikwa kujiunga na ubia wa mashamba ya paina wilayani Mufindi. Kampuni iliyotualika sitaitaja kwa sababu bado tunaidai, na mshauri sitamtaja kwa sababu hakuniomba nimtangaze. Ninataka kueleza tulichokipata kwa fedha yetu, ambacho hatukukipata, na sababu inayonifanya niamini kwamba mtu anayeingia kwenye ubia unaouzwa kwa ahadi ya kupunguza kodi ana wajibu wa kutafuta kwanza maneno ya mtu asiyefaidika na saini yake.

Nianze na bidhaa yenyewe, maana bila kuijua huwezi kuipima kazi ya mshauri. Tuliitwa kwenye ukumbi wa hoteli moja maeneo ya Forest, tukiwa watu kama arobaini: walimu, wauguzi, wenye maduka, wenye nyumba za wageni, na wastaafu wachache waliokuwa wamepokea mafao yao siku si nyingi. Waandaaji walizungumza vizuri na kwa heshima. Walituonyesha picha za paina zilizosimama kwenye mistari iliyonyooka, wakatukumbusha kwamba Mufindi ndiko liliko shamba la miti la Serikali la Sao Hill, na kwamba kila aliyepita Mafinga ameona malori ya mbao na nguzo yakishika barabara kuu. Hayo yote ni kweli, na ukweli huo ndio uliotufanya tusizione haraka kasoro za yaliyofuata. Sehemu moja ya ubia iliuzwa kwa shilingi 14,000,000. Mbia angetoa shilingi 6,000,000 taslimu, kisha angesaini hati ya deni ya shilingi 8,000,000 kwa kampuni ya waandaaji, deni waliloliita la kwenye karatasi tu, kwa kuwa lingelipwa siku ya kuvuna kutokana na mauzo ya mbao.

Mbao zilizungumzwa kwa dakika kumi. Kodi ilizungumzwa kwa saa nzima. Tuliambiwa kwamba shamba changa la miti halina mapato kwa miaka mingi, kwa hiyo ubia utaonyesha hasara kila mwaka, hasara hiyo itagawanywa kwa wabia kulingana na sehemu zao, na kila mbia ataipeleka kwenye ritani yake, yaani fomu ya hesabu za kodi anayoiwasilisha kila mwaka, ili ipunguze kodi anayodaiwa kwenye mshahara, kwenye duka au kwenye nyumba ya wageni. Kwa kuwa hasara ingekokotolewa juu ya shilingi 14,000,000 nzima, ilhali mbia ametoa 6,000,000 tu, mwandaaji mmoja alituandikia ubaoni hesabu ya kuonyesha kwamba ndani ya miaka michache kodi iliyookolewa itazidi fedha iliyotolewa, na miti itabaki kuwa zawadi. Ukumbi ulipiga makofi. Nami nilipiga makofi, nikalipa shilingi 500,000 za kushika nafasi, na nilipofika nyumbani nikamwambia mume wangu tutafute fedha iliyobaki, kwani orodha ilikuwa inafungwa siku ya Ijumaa.

Mume wangu aliniuliza swali moja. “Mke wangu, karatasi hizi nani amezisoma kwa niaba yetu?” Nilimjibu kwamba wakili na mhasibu wa kampuni walikuwepo ukumbini na walituhakikishia kila kitu kiko sawa. Akasema, “Hao wamezisoma kwa niaba ya waliowalipa.” Kesho yake nilipiga simu kwa waandaaji kuomba siku chache zaidi ili tupate mtu wa kutushauri, na dada aliyepokea akaniambia kwa upole kabisa, “Mama, usijisumbue wala usiingie gharama, sisi tutakupa mshauri wetu na tutamlipa wenyewe.” Sidhani kama alikuwa na nia mbaya, ndivyo alivyofundishwa kujibu. Hata hivyo, maneno yale ndiyo yaliyoniondoa kwenye shauku, kwa sababu nimeuza mbolea na mbegu kwa miaka 14 na ninajua kwamba mteja akiniuliza dukani kwangu ni mbegu gani inafaa, nitamtajia mojawapo ya zile zilizo kwenye rafu yangu.

Mshauri tuliyempata alielekezwa kwetu na mteja wangu mmoja wa Mwanjelwa, lakini hatukuridhika na kuelekezwa tu. Washauri wa kodi nchini husajiliwa na Mamlaka ya Mapato, na wahasibu wenye sifa ya juu husajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, kwa hiyo tuliomba namba zake za usajili, tukazihakiki kabla ya kulipa. Hakukasirika. Ofisini kwake, katikati ya jiji, hakufungua bahasha yetu ya karatasi za ubia mpaka alipotuuliza kama tuna undugu au biashara na waandaaji, kama kuna mtu aliyetuahidi kamisheni kwa kuleta wabia wengine, na kama kuna yeyote zaidi yetu atakayemlipa kwa kazi hii. Kisha aliandika barua ya makubaliano ya ukurasa mmoja: maoni ya maandishi kwa shilingi 350,000, ndani ya siku saba, kwa swali tuliloliandika sisi wenyewe, yaani kama ubia huu utapunguza kodi yetu kihalali, na kama hautapunguza, utatuletea madeni gani. Risiti ya mashine ilitoka siku hiyo hiyo. Kwa sehemu hii ya huduma ninampa alama zote, na ninamshauri yeyote anayekwenda kwa mshauri yeyote asikubali kuanza bila barua ya namna hiyo, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha ni nani anayehudumiwa.

Maoni yenyewe yalikuwa kurasa sita, na sehemu ya kodi ndiyo iliyotuokoa. Alianza kwa kukubali kilicho kweli: chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, ubia wenyewe hautozwi kodi ya mapato, bali faida au hasara yake hugawanywa kwa wabia na kila mbia huibeba kwenye hesabu zake. Waandaaji walikuwa wamesema vivyo hivyo. Walichoacha kusema ni kwamba kugawiwa hasara ni jambo moja, na kuruhusiwa kuitumia popote unapotaka ni jambo jingine. Hasara ya biashara haipunguzi kodi ya mshahara. Kwa hiyo mume wangu, ambaye kodi yake hukatwa na mwajiri kila mwezi na ambaye kipande cha mshahara wake kinachozidi shilingi 1,000,000 hukatwa asilimia 30, asingepata nafuu hata ya shilingi moja. Mimi nilikuwa ninalipa kodi ya makadirio, ile ambayo mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo yasiyozidi shilingi 100,000,000 kwa mwaka hutozwa kwa kuangalia mauzo yake. Kodi inayotozwa juu ya mauzo haiulizi kama umepata faida au hasara, hivyo hasara ya miti isingekuwa na mahali pa kukaa kwenye ritani yangu. Na hata kwa mtu anayetengeneza hesabu kamili, kama mwenye nyumba ya wageni, hasara ya biashara ya kilimo hupunguzwa kwenye mapato ya kilimo pekee. Waandaaji nao, kwenye kila ukurasa wa hati yao, waliuita ubia huu wa kilimo. Nilisoma aya hizo mara tatu. Katika watu arobaini tuliokuwa ukumbini, sikuweza kumkumbuka hata mmoja ambaye hesabu ile ya ubaoni ingemfaa.

Akaja kwenye deni la karatasi. Gharama inayokubalika kupunguza mapato, kwa mujibu wa sheria yetu, ni ile iliyotumika yote kwa ajili ya kuzalisha mapato hayo na kwa ajili hiyo pekee. Mshauri aliuliza, kwa maandishi, swali ambalo mimi sikulifikiria: shilingi 8,000,000 ambazo hakuna aliyezitoa, zinazodaiwa na mtu yule yule aliyepanga bei ya miche na bei ya usimamizi, zitalipwa lini, na kama zisipolipwa nani atadai? Ikiwa haikukusudiwa zilipwe, basi si gharama. Ikiwa ilikusudiwa zilipwe, basi si za karatasi. Aliongeza kwamba sheria za kodi zinampa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato uwezo wa kuutazama mpango mzima, na akiona shabaha yake kuu ni kuepa kodi, anaweza kuuweka kando na kukokotoa kodi kana kwamba haukuwepo, na kwamba ritani ya mwaka huu inaweza kuulizwa miaka kadhaa baadaye, ikiwa imeshaota riba na adhabu.

Hapo aliambatisha ukurasa mmoja wa historia, ambao kwangu ulikuwa na thamani sawa na sheria zote alizozitaja. Nchini Marekani, mtu aitwaye Walter J. Hoyt III aliendesha, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi 1998, zaidi ya ubia mia moja wa kufuga ng’ombe na baadaye kondoo. Wabia wengi walikuwa watu wa kawaida wenye mishahara yao. Walinunua ng’ombe kwa hati za madeni, wakatumia hasara za ubia kurudishiwa kodi waliyokuwa wamekatwa, na sehemu ya fedha waliyorudishiwa ikapelekwa kwa Hoyt. Watu wa Hoyt ndio waliouza nafasi, ndio waliosimamia mifugo, ndio walioandika vitabu, na ndio waliowajazia wabia ritani zao. Ng’ombe walioandikwa kwenye vitabu walikuwa wengi kuliko waliokuwepo malishoni. Hoyt alitiwa hatiani kwa udanganyifu mwaka 2001, akafungwa, na akaamriwa kurejesha takriban dola milioni 102. Hukumu hiyo haikuwafutia wabia kodi. Walidaiwa kodi ya miaka ya nyuma pamoja na riba yake, na walipokwenda mahakamani kupinga adhabu ya uzembe ya asilimia 20 kwa hoja kwamba wao ni wahanga waliomwamini mtaalamu, mahakama za rufaa mwaka 2006 zilikataa. Zilisema, kwa ufupi, kwamba mtu anayeahidiwa nafuu kubwa ya kodi kiasi kile hapaswi kumtegemea muuzaji na watu wa muuzaji. Anapaswa kumwendea mtu aliye nje ya jambo hilo. Ubia wa utafiti wa jojoba, mmea unaotoa mbegu za mafuta, uliouzwa huko huko Marekani miaka ya 1980, nao ulijengwa kwa hati za madeni, na wabia wake walipambana na adhabu za namna hiyo hiyo.

Ninakiri kwamba mwanzoni niliona mahakama zile zimekuwa katili. Mtu ametapeliwa, halafu anaadhibiwa kwa kutapeliwa! Nililifikiria jambo hilo kwa siku kadhaa, nikiwa dukani, na msimamo wangu ukabadilika nilipoitazama ritani yangu mwenyewe. Tamko lililo mwisho wa ritani ni langu. Hakuna mahali panaposema kwamba ninathibitisha maelezo haya kuwa sahihi kwa kadiri nilivyoambiwa na waliokuja kuniuzia. Aliyenipa hesabu ya ubaoni hakuniahidi, popote kwenye hati, kwamba atalipa kodi yangu ikiwa hesabu hiyo ni batili. Tena hati yake, ukurasa wa 17, kwa herufi ndogo, ilisema kila mbia anathibitisha kwamba ametafuta ushauri wake mwenyewe wa kodi na wa sheria. Yaani nilitakiwa nisaini kwamba nimeshatimiza wajibu ambao kwenye simu walinisihi niuache. Wanaouza mipango hii wanaujua wajibu huo kuliko sisi, na wameshauandika ili siku ya shida uwe ngao yao.

Mfano wa pili aliotupa ulikuwa karibu zaidi na paina zetu. Nchini Australia kampuni za Timbercorp na Great Southern ziliuza kwa maelfu ya watu nafasi kwenye mashamba ya miti na matunda, na kivutio kikubwa kilikuwa nafuu ya kodi iliyopatikana mwaka ule ule wa kuwekeza. Wengi walikopa ili waingie, na washauri wengi waliowaelekeza huko walikuwa wanalipwa kamisheni na kampuni hizo hizo. Zote mbili zilianguka mwaka 2009. Mikopo haikuanguka pamoja nazo.

Kuhusu sheria ya ubia yenyewe, mshauri alisema mipaka yake ni kodi, akatutuma kwa wakili, ambaye tulimhakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama na kumlipa shilingi 150,000. Huyu hakuwa na maneno mengi. Alitueleza kwamba kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo ndiyo inayosimamia ubia Tanzania Bara, kila mbia anawajibika kwa madeni ya ubia pamoja na wenzake na pia peke yake, kwa hiyo deni la ubia linaweza kumfuata mmoja wetu hadi kwenye nyumba yake hata kama wenzake thelathini na tisa wametoroka. Alitaka kuona kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kwa kampuni inayokusanya fedha za watu wengi namna ile, na hakikuwemo kwenye bahasha. Alitaka pia muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Tulichokuwa nacho ni barua ya mwenyekiti yenye muhuri. Aliuliza tena, tukiwa tumeshasimama kuondoka, “Mama, kuna mtu ameshawaonyesha shamba?” Hakukuwa na mtu.

Basi tukaenda. Hili halikuwa sehemu ya huduma ya mshauri, na hapa ndipo ninapoanza kueleza upungufu wake. Nilipomuuliza kama miti ni biashara nzuri, alinijibu kwamba hilo si lake. Ninaelewa kwa nini alisema hivyo, na pengine uaminifu wake uko hapo hapo, lakini mteja anayedhani kwamba kwa shilingi 350,000 atapata jibu la ndiyo au hapana atavunjika moyo. Ilinibidi nimtafute afisa misitu mstaafu, tukapanda basi hadi Mafinga na kutoka hapo pikipiki. Kijijini tulipokelewa vizuri. Nilijaribu “kamwene”, salamu ya kwao, kwa lafudhi yangu ya Kinyakyusa, wakacheka, wakatupa viti. Shamba lilikuwepo, jambo ambalo ninalisema kwa kuwa haki lazima itendeke, ila lilikuwa dogo kuliko lile la kwenye hati na nusu yake ilikuwa na majani marefu bila njia za kuzuia moto. Hati ilihesabu miti 700 kwa ekari. Mzee wangu yule alipima kwa hatua nafasi kati ya mche na mche, ikawa kama mita tatu kwa tatu, na kwa nafasi hiyo ekari moja haiwezi kuzidi miti 450, kabla ya ile itakayokufa na ile itakayopunguzwa ili mingine inenepe. Hati iliahidi kuvuna mwaka wa kumi kwa bei ya mbao zilizokomaa. Alisema wakulima wadogo wengi kweli huvuna mapema kwa sababu ya shida, lakini wanunuzi huilipa miti michanga bei ya miti michanga, na paina inayotakiwa kwa mbao nzuri huhitaji miaka 18 hadi 25. Kwa maoni yangu kazi yake ya siku moja, tuliyoilipa kwa nauli, chakula na shilingi 60,000, ilistahili kuwa sehemu ya ushauri wowote kuhusu miti, na mshauri wa kodi angeweza walau kutuelekeza kwa mtu wa aina hiyo bila kuvuka mipaka yake.

Upungufu mwingine ni muda. Siku saba zilikuwa 16, na wakati huo waandaaji walikuwa wanapiga simu asubuhi na jioni. Mshauri aliomba radhi, lakini hakutoa punguzo, na mtu mwenye moyo mwepesi kuliko wetu angeshasaini Ijumaa ile. Pia kurasa mbili za kwanza za maoni yake zimeandikwa kwa lugha nzito mno, zikiwa na vifungu juu ya vifungu. Nilizielewa aliponieleza kwa mdomo, na mteja asiyeweza kufika ofisini angebaki gizani. Tena kulikuwa na shilingi 80,000 za kuhakiki nyaraka serikalini ambazo hazikuwemo kwenye barua ya makubaliano. Nilizilipa kwa sababu risiti zilikuwepo, ila nilimwambia wazi kwamba angetutajia mapema, naye alikubali.

Ukijumlisha mshauri, uhakiki wa nyaraka, wakili na afisa misitu, tulitumia shilingi 640,000 bila nauli. Ni fedha nyingi kwa nyumba yetu. Ni ada ya mtoto. Nikiilinganisha na shilingi 6,000,000 za taslimu tulizokuwa tuzitoe, ni kama sehemu moja ya kumi, na nikiilinganisha na 14,000,000 ambazo tungebanwa nazo kwa saini, ni chini ya asilimia 5. Wapo watakaosema kwamba mtu mwenye kipato kidogo hawezi kumudu hilo. Jibu langu ni kwamba asiyeweza kumudu kulipia ushauri wa uwekezaji ule hawezi pia kumudu uwekezaji wenyewe, na ninalisema hili kwa wenzangu wa sokoni nikiwa na uchungu, kwa kuwa wengine wao waliuza mashamba ya viazi ili waingie. Watu watano wenye hati moja wanaweza pia kwenda kwa mshauri mmoja na kuchangia, mradi swali lao ni moja na kila mmoja amemweleza kodi anayoilipa ni ya aina gani. Mshauri wetu alikubali utaratibu huo kwa wauguzi wawili waliokuja baada yetu, na kila mmoja alipata ukurasa wake.

Tulijitoa. Shilingi 500,000 za kushika nafasi hazijarudi. Wakili ameandika barua mbili na ya pili imejibiwa kwa ahadi ya “mwezi ujao”. Huduma hii ninaipa alama nne kati ya tano, na ile iliyopungua ni kwa ajili ya siku tisa za kuchelewa na zile gharama ambazo hazikutajwa.

Mwezi uliopita nilirudi kwenye ofisi ile ile, nikimsindikiza jirani yetu, mwalimu mstaafu ambaye ana nyumba ya wageni na ambaye tulikaa naye safu moja siku ya ukumbini. Yeye alisaini Ijumaa ile. Mhasibu wa waandaaji alimtengenezea ritani na kuipunguza faida ya nyumba ya wageni kwa hasara ya miti, na sasa ofisi ya kodi imemwandikia, kwa lugha ya kawaida kabisa, ikimtaka apeleke vielelezo vya hasara hiyo. Alikuja na karatasi zake zote kwenye mfuko wa nailoni. Mshauri alizipitia kwa muda mrefu, kisha akamwambia, “Shikamoo tena, mwalimu. Kazi yako naipokea, lakini si ile niliyomfanyia mama huyu.” Alimweleza kwamba kwanza watairekebisha ritani kabla hawajalazimishwa, wataomba kulipa kwa awamu, na wataeleza kwa maandishi kila kitu alichoambiwa na nani. Gharama yake ni shilingi 1,200,000, mbali na kodi na riba. Mwalimu aliuliza kama maelezo hayo yataifuta pia hati ya deni ya shilingi 8,000,000. Mshauri akamjibu kwamba hiyo ni ya wakili, na kwamba nakala yake halisi iko kwa kampuni, ikiwa na saini yake mwalimu na ya mkewe.